Bima ya Afya ya Watumishi wa Halmashauri: Hukumu Yake na Amana Iliyomo Ndani Yake

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na Aali zake na Masahaba zake wote.

Ndugu Waislamu, kila ifikapo mwezi wa Julai, unapoanza mwaka mpya wa fedha wa Serikali, mtumishi wa Halmashauri huitazama hati yake ya mshahara kwa makini zaidi kuliko miezi mingine. Ikiwa nyongeza imeingia, basi makato ya bima ya afya nayo yamepanda, kwa kuwa makato hayo ni asilimia ya mshahara. Huo pia ndio wakati unaofaa kuipitia orodha ya wategemezi: yupo mtoto aliyezaliwa, yupo aliyevuka umri, yupo mzazi aliyefariki na yupo mke aliyeachwa. Mwalimu wa Njinjo, muuguzi wa Kivinje, mtendaji wa kijiji kule Pande na karani wa bomani Masoko, wote hukutana na jambo hili.

Maimamu wa mwambao wa Lindi huulizwa maswali matatu kuhusu jambo hili. La kwanza, je, makato haya na matibabu yanayotokana nayo ni halali, ilhali tumesikia kuwa bima ni haramu? La pili, mtu mwenye watoto saba na wazazi wawili amwandike nani na amwache nani? La tatu, na hili huulizwa kwa sauti ya chini, je, naweza kumpa jirani kadi yangu mtoto wake akiugua? Makala hii inakusudia kuyajibu maswali hayo, na kuonesha kwamba jibu la swali la kwanza ndilo linalobeba majibu ya mengine mawili.

MFUKO ULIVYO

Kabla ya kutoa hukumu ya kitu ni lazima kukifahamu kitu chenyewe. Hapo zamani, matibabu katika hospitali za Serikali ya Tanzania yalikuwa bila malipo. Mwaka 1993 ulianza utaratibu wa wagonjwa kuchangia gharama. Kisha Bunge likatunga Sheria Na. 8 ya mwaka 1999 iliyoanzisha Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, na Mfuko ukaanza kazi mwaka 2001. Ulianza na watumishi wa Serikali Kuu, kisha ukaenea kwa watumishi wengine wa umma wakiwemo wale wa Halmashauri.

Chini ya utaratibu huo mtumishi hukatwa asilimia 3 ya mshahara wake, na mwajiri huongeza asilimia 3 nyingine. Kwa mfano, mwenye mshahara wa shilingi 600,000 hukatwa shilingi 18,000 kwa mwezi, na mwajiri hutoa kiasi hicho hicho, jumla 36,000. Wanaonufaika ni mchangiaji, mwenza wake na wategemezi wasiozidi wanne, ambao huwa ni watoto, au wazazi wake, au wazazi wa mwenza wake. Umri wa mtoto kuhesabiwa mtegemezi ulikuwa chini ya miaka 18, na katika sherehe za Mei Mosi za mwaka 2021 kule Mwanza Rais alitangaza kuupandisha hadi miaka 21.

Yapo mambo yanayobadilika katika mfuko huu. Orodha ya dawa, vipimo na bei ambazo Mfuko unawalipa watoa huduma, ijulikanayo kama kitita cha mafao, hupitiwa upya mara kwa mara. Kitita kilichoanza kutumika tarehe 1 Machi 2024 kilizusha mvutano na wenye hospitali binafsi, na baadhi ya hospitali hizo zikasitisha huduma kwa wanachama. Mkazi wa Kilwa ambaye matibabu yake huanzia zahanati ya kijiji, kisha hospitali ya wilaya ya Kinyonga pale Kivinje, kisha hospitali ya mkoa ya Sokoine mjini Lindi, huenda hakuuona mvutano huo karibu. Lakini aliyekuwa na mgonjwa wa rufaa jijini Dar es Salaam aliuona. Kwa hiyo mchangiaji ana wajibu wa kuuliza kila mwaka ni nini kimebadilika, na wenye Mfuko wana wajibu wa kumweleza mapema kabla hajafika dirishani na mgonjwa begani.

ASILI YA MAKATAZO

Ama kuhusu bima, wanachuoni hawakuikataza kwa sababu ya jina lake. Waliikataza bima ya biashara kwa sababu ya yaliyomo ndani yake. Imepokewa na Imam Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.) kuwa Mtume (S.A.W.) amekataza biashara yenye gharar, yaani biashara ambayo mmoja hajui atapata nini kwa alichokitoa. Katika bima ya kampuni, mtu hutoa fedha zake kama bei, na hajui kama atapata kitu au hatapata. Likimfika jambo hupata zaidi ya alichotoa, na lisipomfika fedha inabaki kuwa faida ya kampuni. Hapo hukutana gharar, sura ya kamari, na mara nyingi riba.

Suala hili si geni kwa watu wa bahari. Ibn Abidin, mwanachuoni wa Kihanafi wa Damascus aliyefariki mwaka 1252 Hijria (1836), aliulizwa kuhusu wafanyabiashara waliokuwa wakimlipa mtu dhamana ya mali zao zilizomo melini, kwamba chombo kikizama awafidie. Alijibu kuwa si halali kwa mfanyabiashara kuchukua fidia hiyo, kwani ni kujilazimisha jambo lisilolazimu kisheria.

Karne iliyofuata wanachuoni walikaa pamoja mara nyingi juu ya jambo hili. Mkutano wa pili wa Jopo la Utafiti wa Kiislamu la Al-Azhar, Cairo, mwaka 1965, uliruhusu vyama vya bima ya kushirikiana, na ukaruhusu vilevile mifumo ya Serikali ya pensheni na hifadhi ya jamii. Baraza la Maulamaa Wakubwa wa Saudi Arabia mwaka 1397 Hijria (1977), na Jopo la Fiq-hi la Makka mwaka 1398 (1978), yaliharamisha bima ya biashara na kuruhusu ile ya kushirikiana. Jopo la Fiq-hi la Kimataifa lililokutana Jeddah mwezi Rabiul-Akhir 1406 (Desemba 1985) lilitoa azimio lake Na. 9 kwa maana hiyo hiyo. Jopo hilo hilo lilipokutana Dubai mwaka 2005 lilizungumzia bima ya afya yenyewe, likaikataa ile ya kampuni za biashara na kuikubali inapojengwa juu ya kushirikiana. Haki itamkwe pia kwamba wapo wachache waliohalalisha bima kwa upana zaidi, na mashuhuri wao ni Sheikh Mustafa az-Zarqa aliyefariki mwaka 1999.

Sasa tuuangalie mfuko wa watumishi. Hauna wenye hisa wanaogawana faida. Aliye mzima humchangia aliye mgonjwa, na mwenye mshahara mkubwa hutoa zaidi kuliko mwenye mshahara mdogo. Mchango hukatwa kwa amri ya sheria, wala mtumishi haingii humo kutafuta faida. Kwa sifa hizi uko karibu zaidi na kusaidiana kuliko kuuziana. Allah (S.W.) ametuamrisha katika Suratul Maida, aya ya 2, kusaidiana katika wema na uchaMungu.

DIWANI YA SAYYIDNA UMAR

Huenda msomaji akauliza kama jambo hili lina asili katika fiq-hi yetu, au ni la kuiga tu. Asili ipo, nayo ni mlango wa aqila. Mtu akiua kwa makosa, dia haimlemei peke yake. Jamaa zake wa kiume huibeba pamoja naye kwa muda wa miaka mitatu. Katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo yanayofuatwa na watu wa mwambao huu, tajiri hutoa nusu dinari kwa mwaka, mwenye hali ya kati robo dinari, na fakiri hatoi kitu. Kila mmoja na uwezo wake.

Kisha Sayyidna Umar bin Al-Khattab (R.A.) alianzisha diwani, yaani daftari la majina ya askari na wanaostahiki posho kutoka Baitul Mali. Wafuasi wa Imam Abu Hanifa wakasema kwamba walioandikwa katika daftari moja ndio aqila ya kila mmoja wao, na kwamba sehemu ya dia ikatwe katika posho zao. Imam Shafii (R.A.) hakukubaliana nao. Alisema aqila ni jamaa wa damu, kwani Mtume (S.A.W.) alihukumu hivyo kabla diwani haijakuwepo.

Hatusemi kwamba matibabu ni sawa na dia, na khitilafu ya Maimamu hao ibaki mahali pake. Tunachokitaka hapa ni mfano. Kukata katika posho za watu walioandikwa daftari moja ili kumbeba mwenzao aliyefikwa na jambo zito, jambo hilo fukahaa walilijua na kulijadili zaidi ya miaka elfu moja kabla hati ya mshahara haijachapishwa.

PINGAMIZI MBILI

Mwanafunzi wa fiq-hi atasema: Sisi ni Mashafii, na madhehebu yetu yanazuia gharar hata katika zawadi. Ni kweli. Al-Qarafi, mwanachuoni wa Kimaliki aliyefariki mwaka 684 Hijria (1285), ameeleza kuwa Imam Malik alitofautisha baina ya mikataba ya kubadilishana, ambayo gharar huiharibu, na mambo ya hisani tupu, ambayo gharar haiyadhuru, kwani asiyepata kitu hakupunjwa. Ameeleza pia kuwa Imam Shafii hakufanya tofauti hiyo. Maamuzi ya majopo tuliyoyataja yamejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya kauli ya Malik. Hata hivyo Imam Nawawi, ambaye ni nguzo ya madhehebu yetu, ametaja katika sherehe yake ya Sahih Muslim kuwa gharar ndogo husamehewa pale haja inapoilazimisha na ikawa taabu kuiepuka. Na hapa mtumishi hakupewa hiari ya kukatwa au kutokatwa.

Pingamizi ya pili ni kwamba mifuko ya namna hii huweka akiba yake katika hati fungani za Serikali na amana za benki zenye riba. Riba ni haramu, wala haihalaliki kwa kuwa imo katika mfuko mzuri. Lakini dhima yake ni kwa wenye kuamua uwekezaji. Mtumishi hakuamua, na anachokipata ni tiba ya ugonjwa wake. Wajibu uliobaki ni wa viongozi wetu na wataalamu wa fedha wa Kiislamu kuendelea kudai njia safi, kama walivyofanya Sudan mwaka 1979 walipoanzisha kampuni ya bima ya Kiislamu, na Malaysia walipotunga sheria ya takaful mwaka 1984.

NANI AANDIKWE?

Ikiwa msingi wa uhalali ni kusaidiana, basi orodha ya wategemezi ni mahali pa uadilifu. Fukahaa wa madhehebu yetu wamesema kuwa nafaka ya mzazi fakiri na mtoto asiye na uwezo inamlazimu ndugu yao mwenye uwezo, na wameingiza humo ujira wa tabibu na bei ya dawa. Kuhusu mke, vitabu vya zamani havikumlazimisha mume gharama za dawa, lakini wanachuoni wengi wa zama hizi wanaona kuwa desturi imebadilika na kwamba tiba imekuwa katika mambo ya lazima ya maisha. Basi mwenye nafasi nne aanze na wale ambao nafaka yao iko shingoni mwake na ambao hawana njia nyingine. Mtoto ambaye mama yake naye ni mtumishi anaweza kuingia kwa kadi ya mama, ili nafasi ya baba apate bibi aliyeko kijijini.

Asimchague mtoto kwa mapenzi. Nu'man bin Bashir (R.A.) amesimulia kuwa baba yake alimpa yeye zawadi na kuwaacha ndugu zake, naye Mtume (S.A.W.) akakataa kuwa shahidi wa jambo hilo. Hadithi imo katika Bukhari na Muslim. Anayelazimika kuwaacha baadhi kwa kukosa nafasi hana lawama, lakini walioachwa nje ya kadi awawekee kitu pembeni kwa siku ya maradhi. Vivyo hivyo mwenye wake wawili. Aulize ofisini utaratibu ulivyo kwa mke wa pili, na ikiwa nafasi hakuna, asimfanye aliyeachwa nje akaugua peke yake.

Mke aliyepewa talaka rejea bado ni mke kisheria mpaka eda yake iishe, basi mume asikimbilie kumfuta siku ya pili. Eda ikiisha, jina liondolewe. Mzazi akifariki, taarifa itolewe na kadi irudishwe.

Lipo jambo jingine ambalo katika pwani yetu limezoeleka. Watu wengi wanalea watoto wa dada, wa kaka, na wajukuu, na malezi hayo yana thawabu kubwa. Lakini kumwandika mtoto wa dada kuwa ni mtoto wako wa kumzaa ili apate kadi ni kusema uongo katika nasaba. Allah (S.W.) ameamrisha katika Suratul Ahzab, aya ya 5, kuwa watoto waitwe kwa baba zao. Karatasi iliyoandikwa leo kwa ajili ya dawa ndiyo itakayotolewa kesho kwenye mirathi na ndoa. Mlezi aulize njia ya halali, na akiikosa, amtibu mtoto kwa mali yake.

KADI NI AMANA

Tumefika kwenye swali la tatu. Jirani ana mtoto mwenye homa kali, hana fedha, na wewe una kadi ya mtoto wa umri ule ule. Moyo wa huruma unasema mpe. Tunajua uzito wa saa hiyo, na hatuusemi kwa wepesi. Lakini mfuko ule si mali yako. Ni mali ya walimu, wauguzi na walinzi nchi nzima, waliotoa kwa masharti yanayojulikana. Ukimpa jirani shilingi zako umetoa sadaka. Ukimpa kadi umetoa mali ya wengine bila idhini yao, na juu yake umeandikisha uongo katika jalada la matibabu, ambalo siku moja linaweza kumpa mgonjwa dawa isiyomfaa.

Bukhari na Muslim wamepokea habari ya mtumwa aliyeuawa kwa mshale baada ya vita vya Khaybar. Watu wakampongeza kwa kufa shahidi. Mtume (S.A.W.) akawaeleza kuwa shuka aliyoichukua katika ghanima kabla ya kugawanywa inawaka moto juu yake. Kilikuwa kitambaa kimoja tu, na kilichukuliwa katika mali ya wote. Onyo hili halimhusu mwenye kadi peke yake. Linamhusu mhudumu wa afya anayeandika vipimo visivyofanyika, mwenye duka la dawa anayeandika dawa asizotoa, na pia mwajiri anayemkata mtumishi kisha akachelewesha mchango, hadi mtumishi akarudishwa dirishani kwa kosa lisilo lake.

WALIOBAKI NJE YA DAFTARI

Je, jirani yule aachwe? Hapana, na hapa ndipo historia ya Kilwa inapotufundisha. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alimkuta Sultani Al-Hasan bin Sulayman, aliyeitwa Abul Mawahib kwa wingi wa utoaji wake. Ameandika kuwa sultani huyo akitenga khumsi ya ghanima na kuitumia katika njia zilizotajwa na Qur'ani, na fungu la jamaa wa Mtume (S.A.W.) akiliweka katika hazina ya peke yake. Hatuzungumzii hapa vita vilivyoleta mali ile. Tunazungumzia namna ilivyohifadhiwa: fungu limejulikana, wenyewe wamejulikana, na halikuchanganywa na mali nyingine. Lakini Ibn Battuta ameongeza kuwa alipokufa Abul Mawahib akatawala ndugu yake Daud, naye alikuwa kinyume chake, akimjibu mwombaji kuwa yule aliyekuwa akitoa amekufa na hakuacha cha kutolewa. Wema uliotegemea mkono wa mtu mmoja ulikwisha na mtu huyo. Wema unaotaka kudumu unahitaji daftari, sharti na waangalizi.

Wavuvi wa Somanga na Songosongo, na wakulima wa ufuta na korosho, hawana hati ya mshahara. Kwa ajili yao kulitungwa Sheria ya Mfuko wa Afya ya Jamii mwaka 2001, chini ya Halmashauri, na ulipoboreshwa kuanzia mwaka 2018 kaya ya watu sita katika mikoa mingi ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka. Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, ambayo imekusudia kumwingiza kila mkazi katika bima. Na sheria peke yake haimlipii mjane mchango wake.

Basi kila msikiti unaweza kufanya yafuatayo. Kwanza, kamati iandike kaya zisizo na uwezo katika mtaa wake. Pili, msimu wa ufuta unapouzwa, ikusanye sadaka za kuwalipia mchango wa mwaka, fedha hizo ziwekwe peke yake na hesabu isomwe mbele ya waumini. Tatu, ikitumika zaka, ikumbukwe kuwa katika madhehebu yetu fakiri lazima amilikishwe. Apewe mkononi mwake alipe mwenyewe, au awape wenye kamati uwakala kwanza kisha wamlipie. Nne, wenye mashamba ya minazi na nyumba wafikirie wakfu wa tiba. Bimaristani ya Sultani Qalawun mjini Cairo, iliyojengwa mwaka 683 Hijria (1284), iliwatibu matajiri na mafukara kwa mapato ya wakfu.

HITIMISHO

Kwa ufupi, mfuko unaojengwa juu ya kusaidiana unajuzu kwa kauli ya wengi katika majopo ya fiq-hi ya zama zetu, na mtumishi anayekatwa kwa sheria hana dhambi kutibiwa kwa kadi yake. Lakini kilichouhalalisha ni kule kuwa mali ya kusaidiana. Anayeigeuza kuwa mali ya kuchotwa anauharibu msingi ule ule alioutegemea. Julai ijayo utakapoipitia orodha yako, isome kama mtu anayesoma hesabu ya amana. Kisha mtazame jirani ambaye jina lake halimo katika orodha yoyote, na ujiulize umemwekea nini katika mali yako.

Tunamuomba Allah (S.W.) awaponye wagonjwa wetu na atujaalie kuwa waaminifu katika mali za watu. Wallahu a'lam.